Usiuze Kumbukumbu kwa Kilo

NYANYA mmoja wa Karungu, katika Kaunti ya Migori, ana chombo cha maua cha shaba ya manjano alichoachiwa na baba mkwe wake. Majuzi mjukuu wake alitaka kukipeleka kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. "Dani, hiki kitapunguza karo," alisema. Nyanya alikataa, ingawa hakujua kilitoka wapi.

Nilikigeuza. Kitakoni palikuwa na mwaka uliopigwa chapa: 1915. Lilikuwa ganda la mzinga, lililochorwa majani kwa ncha ya msumari.

Msomaji, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipita huku. Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka na kuingia mji wa Kisii. Askari wa King's African Rifles walishuka Kendu Bay, wakatembea hadi Kisii na kupigana nao Septemba 12. Hapo Karungu, meli ya Waingereza, Winifred, ilikabiliana na Muansa ya Wajerumani. Baadaye wanaume wengi wa Nyanza walichukuliwa kuwa wapagazi wa Kariakoo. Maelfu kwa maelfu hawakurudi. Wengi waliuawa na maradhi na njaa, si risasi.

Shaba ya vita haikutupwa. Mwaka wa 1916, kule Tabora, Wajerumani waliigeuza kuwa sarafu. Kwingineko askari na mafundi waliunda vyombo vya maua na visahani vya majivu ya sigara.

Je, unacho kama hicho nyumbani? Kwanza, hakikisha kiko wazi juu na ni kitupu ndani. Kikiwa bado na kichwa cha kombora, au fataki ya kitakoni haina alama ya kugongwa, usikiguse wala kukipasha moto. Waondoe watoto, uwaarifu polisi.

Pili, usikisugue kwa majivu na limau. Michoro na chapa hufutika, na hizo ndizo historia yake. Kitambaa kikavu chatosha.

Tatu, waulize wazee ni nani aliyekileta. Andika jina lake kwenye karatasi, uitie ndani.

Nyanya alifikiri kidogo, kisha akakumbuka: baba mkwe wake alikwenda Kariakoo, naye ni miongoni mwa waliorudi. Mjukuu alitafuta kalamu mwenyewe.

Na karo? Nyanya alielekeza kidole zizini. Mbuzi huzaa tena.