Mlango wa Jumuiya Usifunguliwe kwa Saini Pekee



Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, hausemi kwamba ujirani peke yake unatosha. Kifungu cha 3 kinaitaka nchi inayoomba uanachama ifuate utawala bora, demokrasia, utawala wa sheria na haki za binadamu. Maneno hayo yameandikwa; hayakuachiwa hisani ya wakubwa.

Hata hivyo, Sudan Kusini ilitia saini Aprili 2016, na Julai ya mwaka huo huo risasi zikarindima Juba. Uchaguzi walioahidiwa raia wake uliahirishwa tena Septemba 2024, ukasogezwa hadi Desemba 2026. Somalia nayo ilipokelewa Machi 2024, ilhali Baraza lake la Watu lilikuwa limechaguliwa na wajumbe wa koo, si kwa kura ya kila raia.

Ulaya walitangulia kujaribiwa hivi. Franco alibisha hodi mwaka 1962. Hispania ilingoja hadi 1986, baada ya dikteta huyo kufariki 1975 na wananchi kupiga kura huru 1977. Wapinzani waliokuwa gerezani na uhamishoni walijua kwamba mlango ule ulifungwa kwa ajili yao.

Je, nasi tuwafungie nje majirani hadi watakate? La. (Wakenya tusijitie usafi; sheria ya chama kimoja tuliiondoa Desemba 1991 kwa machozi mengi.) Uanachama humpa raia mnyonge mahali pa kushtaki. Watu wenye silaha walipovamia Mahakama Kuu ya Kampala, Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua mwaka 2007 kwamba Uganda imeukiuka Mkataba. Haki hiyo Msomali na Msudani Kusini wanaihitaji kuliko sisi.

Basi wapokewe, lakini kwa ahadi zenye tarehe: uchaguzi lini, wafungwa wa kisiasa waachiliwe lini, magazeti yawe huru lini. Kifungu cha 146 kinaruhusu mwanachama kusimamishwa. Burundi ilipochafuka mwaka 2015, kifungu hicho kililala. Kenya ina wabunge tisa katika Bunge la Afrika Mashariki. Waandikieni, waalikeni makanisani, muwaulize watakiamsha lini, na ahadi za mwombaji ajaye tutasomewa hadharani kabla ya saini au baada yake.