Songo: Diski ya michezo inunuliwe kwa hesabu, si kwa macho

Mchezo mmoja wa mpira kwenye PlayStation 4 unaweza kufika giga 50. Kijana wa mtaa wa Songo, hapa mjini Uvira, anayetumia giga 2 za simu kwa siku, atahitaji siku 25 ili kuushusha wote. Konsoli ya giga 500 ikijaa, anafuta mchezo mmoja ili kupata nafasi ya mwingine. Wiki mbili baadaye wateja wa sali yake wanaulizia ule aliofuta, naye anarudi kununua mega upya. Hapo ndipo pesa inapopotelea.

Wapo wazazi wanaosema diski ya nje ni anasa ya watoto. Kwa mwenye intaneti ya bei rahisi nyumbani, huenda ni kweli. Kwa Songo si kweli. Hapa diski ni ghala: kinachowekwa ndani yake kimekwisha kulipiwa. Swali la maana ni diski gani inunuliwe.

Kwanza, flashi iachwe. PlayStation 4, iliyoanza kukubali diski za nje mwezi wa Machi 2017, inataka diski ya USB 3.0 yenye angalau giga 250, na isizidi tera 8. Flashi ndogo inakataliwa. Ile kubwa inayokubaliwa hupata joto na kupunguza mwendo inapoandikwa muda mrefu.

Pili, SSD si lazima. Ni kweli hufungua michezo haraka zaidi, na kwa kuwa haina sehemu inayozunguka ndani, inastahimili kuanguka. Lakini bei yake ni kubwa zaidi, na mpira unaochezwa ni uleule. Kwa PlayStation 4, diski ya kawaida ya tera 1 inatosha: inabeba karibu michezo 18 ya giga 50. Pesa inayobaki inunue kifaa chenye betri kinachoendeleza umeme kwa muda (UPS). Umeme ukikatika wakati diski inaandika, michezo inaweza kuharibika, na umeme wa Uvira hautoi taarifa kabla ya kuondoka.

Mwenye PlayStation 5 awe macho zaidi. Tangu Aprili 2021 konsoli hiyo inaweza kuhifadhi michezo yake kwenye diski ya USB, ila haiwezi kuichezesha kutoka huko. Lazima mchezo urudishwe ndani kwanza. Michezo ya PlayStation 4 ndiyo inayochezwa moja kwa moja. Hata hivyo, kurudisha mchezo kutoka kwenye diski ni suala la dakika, na hakuli mega hata moja. SSD ya M.2 inayofungwa ndani ya konsoli hutatua tatizo hilo, kwa gharama kubwa.

Hatari kubwa zaidi iko sokoni. Diski ndogo iliyoandikwa tera 16, kwa bei ya kuchekesha, karibu kila mara ni ya uongo. Ndani yake kuna giga chache, na programu yake imefundishwa kudanganya kompyuta. Inapojaa, faili mpya zinafuta za zamani kimyakimya. Mnunuzi akubaliane na muuzaji siku za majaribio, aijaze diski kwenye kompyuta, kisha azifungue faili zote. Programu ya bure kama H2testw hufanya kazi hiyo. Muuzaji anayekataa jaribio amekwisha kujibu.

Yapo mambo mengine matatu ya kukumbuka. Konsoli ikiiandaa diski mara ya kwanza, hufuta kila kitu, hata picha za harusi. Diski iunganishwe moja kwa moja na PlayStation 4, si kupitia kigawanyo cha USB. Tena, maendeleo ya mchezaji hubaki ndani ya konsoli. Mwenye kuyathamini ayanakili kwenye flashi. Kwa kazi hiyo flashi inafaa.

Faida moja husahaulika. Diski ya PlayStation 4 inaweza kuhamishwa hadi konsoli nyingine ya aina hiyo, mradi mwenye akaunti aliyenunua michezo aingie kwa akaunti yake. Kwa hiyo mwenye ndugu anayeishi penye intaneti nzuri anaweza kushusha michezo huko, akarudi na diski mfukoni. Vijana wawili watatu wa sali moja wanaweza pia kuchanga pesa za diski moja ya kweli, badala ya kila mmoja kununua ya uongo peke yake.

Watoto wa Songo wanalipia mechi moja moja kwa franka chache. Sali inayoishi kwa franka hizo haina uwezo wa kuulipia mchezo uleule mara mbili.