Maswali Yanayobaki Hadithi Inapokwisha

Katika shule zetu nyingi za msingi kipindi cha hadithi huwa na mwisho wake unaojulikana. Mwalimu husimulia, watoto husikiliza, kisha hufuata swali moja kuu: "Hadithi hii inatufundisha nini?" Jibu likishaandikwa ubaoni, kazi imekwisha. Maoni yetu ni kwamba desturi hii, ingawa ina manufaa yake, humnyima mtoto nafasi ya kuuliza juu ya yale ambayo hadithi haikuyasema. Mwalimu atakayeijali nafasi hiyo hana budi kwanza kujua kwamba maswali ya namna hiyo hayalingani. Ili kulieleza jambo hili tumechagua mfano wa watu wazima, ambao nao waliachwa na maswali mengi.

Tarehe 19 Mei 2019 kituo cha HBO cha Marekani kilionyesha sehemu ya mwisho ya tamthilia ya televisheni iitwayo Game of Thrones. Tamthilia hiyo ilianza Aprili 2011, ikaendelea kwa misimu 8 yenye sehemu 73. Inahusu koo zinazogombea kiti cha enzi, majoka yatemayo moto, na jeshi la wafu litokalo kaskazini. Chanzo chake ni vitabu vya George R. R. Martin, ambaye kufikia mwaka 2019 alikuwa amechapisha vitano kati ya saba alivyokusudia. Kwa hiyo waandaaji, David Benioff na D. B. Weiss, iliwapasa kuufikia mwisho kabla ya mwenye hadithi mwenyewe. Wengi hawakuridhika, watu zaidi ya milioni moja walitia sahihi ombi la kutaka msimu wa nane utengenezwe upya. Tamthilia hiyo imejaa mauaji na mambo ya faragha, wala haifai kabisa kuonyeshwa watoto. Tunachokihitaji hapa ni maswali iliyoyaacha, nayo tunaweza kuyagawa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni maswali ambayo majibu yake yamo ndani ya hadithi. Wako waliouliza: Mfalme wa Usiku, kiongozi wa jeshi la wafu, alitoka wapi? Jambo hili lilionyeshwa waziwazi katika msimu wa sita: alikuwa mwanadamu, akageuzwa na viumbe wa msituni waliotafuta silaha ya kuwazuia wanadamu walioivamia nchi yao. Swali la namna hii hujibiwa kwa kurudi kwenye hadithi yenyewe.

Fungu la pili ni maswali yaliyoachwa wazi kwa makusudi. Katika sehemu ya mwisho Jon Snow anamwua malkia Daenerys. Joka la malkia, Drogon, linakiyeyusha kiti cha enzi kwa moto, kisha linaubeba mwili wake na kuruka nao mbali. Limekwenda wapi? Mbona limekiunguza kiti na kumwacha muuaji akiwa hai? Arya Stark naye anasafiri kwa merikebu kuelekea magharibi, kusiko na ramani. Hapa msimulizi amemkabidhi mtazamaji kazi ya kufikiri, na kazi hiyo ni sehemu ya utamu wa hadithi.

Fungu la tatu ni ahadi zisizotimizwa. Tangu sehemu ya kwanza kabisa maiti zinaonekana zimepangwa chini kwa maumbo maalumu, na maumbo hayo yanarudi tena na tena kwa miaka. Katika msimu wa nane mhusika mmoja anasema kwamba huo ni ujumbe wa Mfalme wa Usiku. Ujumbe gani? Katika sehemu ya tatu ya msimu huohuo mfalme anauawa, na ujumbe wake haufafanuliwi. Ndivyo ulivyoachwa pia utabiri juu ya mwana wa mfalme aliyeahidiwa: unatajwa kwa uzito misimu kadhaa, lakini hatimaye hatuambiwi alikuwa nani. Msimulizi alifunga fundo mbele ya macho yetu, akaondoka bila kulifungua. Mtazamaji anayelalamika hapa ana haki.

Hata hivyo, kuligawa swali katika fungu lake si jambo rahisi sikuzote. Watu wengi walisema siri ya nasaba ya Jon, kwamba ndiye mrithi halali wa kiti, haikuwa na kazi yoyote, maana hakutawala. Lakini mwenye kutazama kwa makini ataona kwamba siri hiyo ndiyo iliyomtia Daenerys hofu na kumtenga na Jon. Mabishano ya namna hii, yakiongozwa na ushahidi, ndiyo elimu tunayoitafuta.

Sasa turudi darasani. Chukua hadithi ya Abunuwasi aliyeazima sufuria, akairudisha pamoja na ndogo akidai kwamba imezaa, kisha akaiazima tena na kusema imekufa. Waachie watoto waulize wao, na uyaandike maswali yao ubaoni. "Kwa nini jirani alikubali kwamba sufuria huzaa?" Jibu limo: tamaa. "Je, Abunuwasi alitenda haki?" Hili limeachwa kwetu. Kisha waulize kama lipo jambo lililoahidiwa likasahauliwa. Hawatalipata, na hapo watatambua jinsi hadithi hiyo fupi ilivyosukwa vizuri. Wakija kutunga insha zao wenyewe, watajua kwamba mwana aliyepotea katika aya ya kwanza hana budi kutajwa kabla ya nukta ya mwisho.

Yamkini mwanachuo atasema kwamba darasa lina watoto wengi, muda ni mfupi, na mtihani hutaka jibu moja. Hoja hiyo ina uzito. Lakini dakika kumi zikitengwa katika andalio la somo zatosha, na kazi yaweza kufanywa kwa vikundi. Wala hatusemi kwamba kila jibu ni sahihi. Kila mtoto atakiwe kuonyesha ni neno gani au tendo gani katika hadithi linalolitegemeza jibu lake. Asiye na ushahidi arudi kusoma. Mtoto aliyezoea kazi hiyo hatababaishwa na mtihani wa ufahamu.

Tunawasihi wanachuo wanaojiandaa kwa mazoezi ya kufundisha wasiliogope swali wasiloweza kulijibu. Mtoto akiuliza joka limekwenda wapi, mwalimu asimnyamazishe, wala asimtungie jibu la haraka. Amwulize: "Hadithi imetuambia nini juu ya joka hilo?" Kisha amsikilize.