Wosia Uandikwe Nyumbani, Lakini Usiandikwe Gizani



Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii twaikumbuka dukani, lakini twaisahau pale inapotuhusu zaidi, yaani siku ya matanga. Tumeshiriki mazishi mengi ambapo udongo wa kaburi haujakauka, na tayari mjane anadaiwa funguo za nyumba. Marehemu alikuwa mtu mwema na alisomesha watoto wake. Lakini hakuacha hata karatasi moja.

Siku hizi limezuka jambo jipya. Wengi wetu hufanya kazi mbali na nyumbani, nasi twadhani simu ya mkononi yaweza kumaliza kila shauri. Katika familia moja tuliyoifahamu, baba aliyekuwa akiugua mjini alimtumia mkewe ujumbe wa sauti, akagawa shamba, nyumba na ng'ombe. Alipofariki, mjane aliwasikilizisha wazee wa ukoo. Wote waliitambua sauti ile, na baadhi yao walilia. Hata hivyo waliukataa mgawanyo, kwa kuwa hapakuwa na shahidi hata mmoja aliyekuwapo maneno yale yaliposemwa. Mjane yule alihama kabla ya msimu wa kupanda.

Je, tunapinga wosia kutayarishwa nyumbani? La hasha. Hakuna sheria inayomlazimisha mkulima kukodi wakili ili aandike wosia wake. Kanuni za mila zilizotangazwa na serikali ya Tanganyika mwaka 1963 zilieleza utaratibu ambao kila familia yaweza kuufuata. Wosia wa maandishi wa mtu ajuaye kusoma na kuandika hutaka mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mwingine asiye wa ukoo. Asiyejua kusoma ahitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Na wosia wa mdomo nao hutaka wanne kwa mpango huohuo. Uandikwe kwa wino, uwe na tarehe, na mwenye wosia atie sahihi au dole gumba mbele ya mashahidi. Anayeachiwa fungu asitegemewe kuwa shahidi.

Kwa nini mashahidi? Kwa sababu wosia huanza kusema siku ambayo mwenyewe hawezi tena kuulizwa. Shahidi asiyepata kitu ndiye awezaye kusimama na kusema: nilimwona, akili yake ilikuwa timamu, hakulazimishwa. Simu haituonyeshi ni nani aliyesimama kando ya kitanda. Huko England na Wales, wakati wa ugonjwa wa korona, sheria iliruhusu mashahidi kutazama kwa video, kuanzia Januari 2020 hadi Januari 2024. Lakini hata huko hati yenyewe ilitakiwa iwafikie mashahidi nao waitie sahihi.

Wapo wasemao kwamba kuandika wosia ni uchuro, tena kwamba ukoo upo na utajua la kufanya. Tuwakumbushe jambo moja. Kanuni hizohizo za 1963 zilisema kwamba mjane harithi ikiwa mumewe ameacha watu wa ukoo wake; riziki yake imo mikononi mwa watoto. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake ilitamka kwamba wajane wawili wa Tanzania walivunjiwa haki zao kwa kanuni hizo. Kwa hiyo mume anyamazaye asidhani kwamba hajaamua lolote. Amekwisha kuamua, na mkewe ndiye atakayebeba uamuzi huo.

Tena, mtu hawezi kuusia kisicho chake. Mwaka 1983, katika shauri la talaka la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Basi mume na mke waketi pamoja kwanza, wataje kilichochumwa na wote wawili, ndipo kila mmoja aandike kuhusu fungu lake. Wosia uliofichwa mke asiujue huzaa ugomvi uleule uliokusudiwa kuuzuia.

Kwenu viongozi, twaomba mambo matatu. Kwanza, jumuiya itenge jioni moja kwa ajili ya mafundisho haya, na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017 waalikwe. Pili, familia zielezwe kwamba Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) huandika na kuhifadhi wosia, maana hati iliyofichwa darini yaweza kuliwa na mchwa au kuchomwa na mwenye hila. Tatu, tujihukumu sisi wenyewe: pale ambapo parokia imeachiwa kiwanja au fedha, padre, katekista na mwenyekiti wasiwe waandishi wala mashahidi wa wosia huo.

Kalamu, karatasi na majirani wawili waaminifu si gharama kubwa. Aliye mbali na asubiri likizo, au awaite mashahidi huko aliko; lakini asiridhike na sauti ndani ya simu. Tuandike tungali wazima, ili watakaotulilia wasilazimike pia kulilia paa la nyumba yao.