Mashine ya Kukimbilia Sebuleni na Barabara Tuliyoisusa

Miongoni mwa maswali ambayo watumishi wa umma mjini Tabora huniuliza siku hizi, limo hili: ninunue mashine gani ya kukimbilia nyumbani? Daktari amekwisha kuwaonya kuhusu sukari na shinikizo la damu, mkopo umetoka, na sebule ina nafasi. Nitalijibu kwa uaminifu, maana fedha ya mshahara ni jasho la mtu. Kisha nitaeleza kwa nini jibu hilo, likiachwa peke yake, ni fedheha kwa mji wetu.

Anayetaka kukimbia, wala si kutembea tu, atazame kwanza mota. Wauzaji hupenda kutaja nguvu ya juu kabisa ambayo mota huifikia kwa muda mfupi. Nguvu yenye maana ni ile inayodumu muda wote wa mazoezi, nayo kwa mkimbiaji isipungue nguvu farasi 2.5. Mkanda uwe na upana wa sentimita 45 au zaidi, na urefu usiopungua 130. Mtu mrefu atafute wa 150. Uzito ambao mashine imeundwa kuubeba uuzidi wako kwa kilo kama 20. Mashine iliyotumika Marekani yaweza kuwa ya volti 110, ilhali umeme wetu ni wa volti 230; na hata iliyo ya volti 230 inahitaji stabilaiza, kwani umeme unaopanda na kushuka huunguza bodi yake. Mkanda hupakwa mafuta ya silikoni, si ya kupikia wala ya injini. Acha mita 2 tupu nyuma yake, na ukimaliza ondoa ufunguo wa usalama uufiche mbali na watoto. Mwaka 2021 kampuni ya Peloton iliziondoa sokoni mashine zake za Tread+ nchini Marekani baada ya mtoto mmoja kufariki.

Hilo ni jibu la muuzaji mwaminifu. Sasa lifuate jibu la raia.

Tabora, ambayo Burton na Speke waliifikia Novemba 1857 na kuiita Kazeh, ilikuwa njia panda ya misafara. Njia moja ilielekea Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda, na nyingine Bagamoyo pwani. Wapagazi wa Kinyamwezi waliikanyaga wakiwa na mizigo ya kilo 30 na zaidi mabegani. Sitaki kuipamba historia hiyo: njia ileile ilipitisha mateka waliokuwa wakipelekwa kuuzwa, na jasho la mpagazi lilitajirisha wengine. Ila katika msamiati wa njia hiyo limo neno linalotufaa leo. Hongo, kabla halijawa jina la rushwa, lilikuwa ushuru ambao msafara ulimlipa mtemi ili upite salama katika nchi yake.

Hoja yangu ni kwamba mashine ya sebuleni ndiyo hongo yetu ya leo. Tunailipa ili miguu yetu ipate pa kupita. Tofauti ni kwamba msafara, ukishalipa, ulipita. Sisi tunalipa na kubaki palepale. Haishangazi kwamba babu wa mashine hii alizaliwa kwa ajili ya magereza. Mwaka 1818 mhandisi Mwingereza William Cubitt alibuni gurudumu la ngazi ambalo wafungwa walilipanda saa nyingi bila kufika popote, na Uingereza haikuiacha adhabu hiyo hadi mwishoni mwa karne ya 19.

Nitaambiwa: mwanamke atakimbiaje alfajiri gizani, pasipo taa wala njia ya waenda kwa miguu, huku bodaboda zikimpita kiwikoni na wahuni wakimpigia miluzi? Hasa! Simlaumu anayejifungia ndani kwa hofu, wala mgonjwa wa magoti aliyeagizwa na mtaalamu wake. Namlaumu ofisa ambaye, akishafunga mlango na kuwasha mashine, huisahau hofu hiyo kwa kuwa haimhusu tena. Ofisa huyo ndiye anayekaa kwenye kikao kinachopitisha mchoro wa barabara isiyo na njia ya miguu. Ndiye anayenyamaza eneo la wazi linapokatwa viwanja. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye mashine haijui barabara.

Wanaobaki nje ni akina nani? Ni muuguzi mwenye zamu ya usiku, mama muuza mboga, mwanafunzi wa chuo, mstaafu anayesubiri pensheni. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima ajishughulishe kwa wastani dakika 150 hadi 300 kwa juma. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Agizo ni jema, lakini agizo halina lami. Siku ya mazoezi huanza kwa hotuba na fulana, na Jumapili yake njia ni ileile, mitaro ni ileile.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, aliyesoma hapa Tabora, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha. Mtu aweza kubishana na Azimio. Hawezi kukana kwamba kiongozi anayetembea huiona nchi kwa kimo cha wananchi wake.

Napendekeza tuanze na jambo dogo. Kutoka mjini hadi Kwihara, lilipo tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, ni kilomita zipatazo 6 tu. Kwihara imo katika orodha ya awali ya UNESCO tangu 2006, kama sehemu ya njia kuu ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Itengenezwe hapo njia ya miguu: pana, yenye taa, miti na vibao vinavyosimulia wapagazi na mateka. Itakuwa kumbukumbu, itakuwa utalii, itakuwa tiba, na haitaulizia mshahara wa mtu mlangoni.

Kwa hiyo, ndugu mtumishi, ukiihitaji mashine, inunue, na uzingatie vipimo nilivyotaja. Lakini siku mchoro wa barabara utakapofika mezani kwako, kabla ya kutia sahihi, uliza muuguzi anayetoka zamu atapita wapi. Kama mchoro hauna jibu, urudishe.