Hereni ya ng'ombe: Safari isiyoandikwa kati ya zizi na bucha

Na Mwandishi Wetu

NYAMA inayoning'inia buchani mjini Geita ina alama moja tu ambayo mnunuzi anaweza kuiona, nayo ni muhuri wa mkaguzi wa nyama. Muhuri huo humhakikishia kwamba nyama ilikaguliwa na kuonekana inafaa kuliwa. Haumwelezi ng'ombe huyo alitoka zizi gani, alichanjwa lini, alipita minada mingapi, wala kama aliyemfikisha machinjioni ndiye aliyekuwa mwenye mali.

Pengo hilo ndilo ambalo Serikali inajaribu kuliziba kwa hereni za kielektroniki. Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkoani Simiyu kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, itakayodumu kwa miaka 5 na kugharimu Sh. bilioni 216. Katika kampeni hiyo hereni hutolewa bure, na chanjo imewekewa ruzuku ili mfugaji alipe Sh. 500 kwa ng'ombe na Sh. 300 kwa mbuzi au kondoo.

Hata hivyo, kwa maeneo kama Nkome, kata iliyo kando ya Ziwa Victoria katika Wilaya ya Geita, mafanikio ya mpango huo hayatapimwa kwa idadi ya masikio yaliyotobolewa. Yatapimwa kwa kuangalia kama namba iliyosajiliwa zizini itasomwa tena mnadani, na kama itafungwa rasmi siku mnyama anapochinjwa.

Sheria ipo tangu 2010

Wazo lenyewe si geni. Bunge lilipitisha Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo, Na. 12 ya mwaka 2010, ikikusudia kila mnyama ajulikane yeye, mwenye mali na mahali alipo. Kwa miaka kadhaa utekelezaji wake ulisuasua, hadi mwaka 2017 ulipofanyika msukumo wa nchi nzima wa kupiga chapa ya moto, uliomalizikia mwanzoni mwa mwaka 2018.

Chapa ilisaidia kuonyesha ng'ombe anakotoka, lakini haikumpa kila mnyama namba yake pekee. Tena moto huharibu ngozi, ambayo ni sehemu ya thamani ya mnyama huyo huyo.

Ndipo zikaja hereni. Ndani ya hereni ya kielektroniki mna kidude kidogo chenye namba ya tarakimu 15, ambayo kifaa maalumu huisoma kwa kusogezwa karibu na sikio. Namba hiyo ikiingizwa katika kanzidata, huweza kuambatanishwa na jina la mfugaji, kijiji, jinsia ya mnyama na chanjo alizopata.

Awamu ya kwanza, iliyoanza mwaka 2021, ilimtaka mfugaji alipe Sh. 1,750 kwa ng'ombe mmoja na Sh. 1,000 kwa mbuzi au kondoo. Kwa mwenye ng'ombe 200, hiyo ilikuwa Sh. 350,000 kabla hajaona faida yoyote. Malalamiko yalifika bungeni, na mwishoni mwa mwaka 2022 zoezi likasitishwa. Kuondolewa kwa malipo katika awamu ya sasa ni jibu la moja kwa moja kwa malalamiko hayo.

Hofu ya kuhesabiwa

Hata hivyo, bei haikuwa kikwazo pekee. Katika nchi ya Wasukuma, kuhesabiwa kwa ng'ombe kuna historia yake. Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, ulioendeshwa na serikali ya kikoloni kuanzia mwaka 1947, uliambatana na amri za kupunguza mifugo kwa lazima. Maandamano ya Geita ya mwaka 1958, yaliyolenga kupinga baraza la wilaya lililowekwa na wakoloni, yalibeba pia manung'uniko dhidi ya amri za kilimo na ufugaji.

Mjukuu wa aliyeishi nyakati hizo anapoambiwa leo kwamba namba ya kila ng'ombe wake itaandikwa katika mtambo wa Serikali, ana haki ya kuuliza namba hiyo itatumika kwa kazi gani: kumkinga na mwizi, kumtoza ushuru, au kumwondoa malishoni? Swali hilo halijibiwi kwa hereni ya bure. Linajibiwa na kile ambacho hereni itamrudishia.

Lori haliachi nyayo

Kitu cha kwanza ambacho mfugaji wa ukanda huu angependa kurudishiwa ni ng'ombe wake aliyeibwa. Sungusungu, jeshi la jadi lililoibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika maeneo ya Shinyanga na Tabora, lilizaliwa kwa sababu ya wizi wa mifugo. Silaha yake kubwa ilikuwa umoja wa kijiji na ujuzi wa kufuata nyayo za kwato kutoka zizi lililovunjwa.

Lakini lori haliachi nyayo za kwato. Ng'ombe aliyeibwa usiku anaweza kupakiwa alfajiri pamoja na wengine waliopatikana kihalali. Kibali cha karatasi kinachotaja ng'ombe 20 hakizuii mmoja kuondolewa njiani na mwingine kuingizwa mahali pake, kwa kuwa kinahesabu vichwa bila kumtambua kila mnyama.

Hapo ndipo hereni ingepaswa kufanya kazi. Kibali kikiorodhesha namba 20, na kizuizi cha barabarani au mnada ukawa na kifaa cha kusomea, ng'ombe wa ishirini na moja atajulikana. Pasipo kifaa hicho, hereni inabaki pambo sikioni, na mwizi mwenye kisu hana haja ya kuiogopa.

Pengo kubwa zaidi liko machinjioni. Ng'ombe akichinjwa na namba yake isifungwe, ataendelea "kuishi" katika kanzidata. Baada ya miaka michache, takwimu zitakuwa na maelfu ya ng'ombe walioliwa zamani, na Serikali itapanga chanjo kwa ajili ya mifugo isiyokuwapo. Katika vijiji na machimbo madogo ya dhahabu ya mkoa huu, ambako mnyama anaweza kuchinjwa mbali na machinjio yaliyosajiliwa, hatari hiyo ni kubwa zaidi.

Afya na soko

Suala hili linamgusa pia mkazi wa mjini asiye na hata mbuzi mmoja. Mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa wa mwaka 2006 na 2007 uliua zaidi ya watu 100 nchini. Ugonjwa wa namna hiyo unapozuka, wenye kumbukumbu sahihi hutafuta zizi lililoathirika na kulifunga. Wasio na kumbukumbu hulazimika kufunga minada ya eneo zima, na wafugaji wasiohusika hupoteza soko pamoja na wanaohusika.

Nchi nyingine zilijifunza kwa gharama kubwa. Umoja wa Ulaya uliweka kanuni za kumtambua kila ng'ombe na kuandika asili ya nyama yake mwaka 2000, baada ya janga la kichaa cha ng'ombe. Uruguay, iliyopigwa na ugonjwa wa miguu na midomo mwaka 2001, ilipitisha mwaka 2006 sheria ya kumtambua kila ng'ombe kwa lazima. Botswana nayo iliwawekea ng'ombe wake alama za kielektroniki ili ilinde soko lake la Ulaya.

Nkome haina haja ya kwenda mbali kutafuta somo. Wavuvi wa Ziwa Victoria wanakumbuka mwaka 1999, samaki wa ziwa hilo walipozuiwa kuingia Ulaya kwa hofu ya uvuvi wa sumu. Mwenye nyavu halali aliumia sawasawa na mhalifu, kwa sababu hakuna aliyeweza kuonyesha samaki yupi alitoka wapi. Na mjini Geita, soko la madini lilifunguliwa Machi 2019 ili dhahabu ya mchimbaji mdogo ipimwe na kuandikwa kabla ya kuuzwa.

Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 36. Kuwavalisha wote hereni ni kazi kubwa, lakini ndiyo sehemu rahisi. Kazi ngumu ni kuhakikisha ofisa mifugo wa kata ana kifaa, umeme wa kukichaji na mtandao wa kutuma taarifa. Kwamba mnada haumpokei mnyama ambaye namba yake haijasomwa. Na kwamba mchinjaji harudi nyumbani kabla ya kuifunga namba ya kila mnyama aliyemchinja. Zaidi ya hayo, mfugaji aliyeibiwa anapaswa kupata jibu kutoka katika kumbukumbu hizo siku ileile anapotoa taarifa. Akilipata mara moja tu, hatahitaji kushurutishwa kuwavalisha hereni ndama watakaozaliwa mwakani.