Bi Kidude na sauti isiyotoshea kwenye kanda

MWULIZE mtu yeyote aliyepata kumwona Bi Kidude jukwaani akutajie beti za nyimbo alizoimba usiku huo, na aghalabu atababaika. Lakini mwulize bibi huyo aliingiaje ukumbini, ngoma aliishika namna gani, na nani aliinuka kwenda kumtuza, hapo utaketi mpaka chai ipoe. Hivyo ndivyo mashabiki wanavyomkumbuka. Hawaukumbuki wimbo peke yake. Wanaukumbuka usiku mzima, na wao wenyewe wakiwa ndani yake.

Marehemu Fatuma binti Baraka, ambaye ndiye Bi Kidude, aliaga dunia Jumatano, Aprili 17, 2013, huko Bububu, Unguja. Umri wake haukujulikana barabara. Alikuwa akisema alizaliwa enzi za rupia, na kwa kuwa rupia iliendelea kutumika Zanzibar hadi katikati ya miaka ya 1930, jibu hilo halikumsaidia sana mwandishi wa habari yeyote. Wengi walimkisia kuwa alipita miaka 100. Baba yake alikuwa mwuza nazi wa kijiji cha Mfagimaringo, na jina la Kidude alibandikwa kwa sababu alizaliwa akiwa mdogo mno. Wahenga walisema jina huumba, lakini kwa huyu jina lilishindwa kabisa.

Akiwa binti mdogo alikuwa akitoroka nyumbani kwenda kujibanza mahali Siti binti Saad alipokuwa akiimba. Siti ni yule binti wa Fumba aliyeanza maisha kwa kuuza vyungu, ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Mwaka wa 1928 Siti na wenzake walivuka bahari hadi Bombay, India, wakarekodi santuri zilizouzwa kote Afrika Mashariki. Santuri za siku hizo zilichukua kama dakika tatu tu kila upande. Hebu fikiri basi: wimbo ulioweza kuimbwa mitaa ya Ng'ambo hadi usiku wa manane, ukakunjwakunjwa ili utoshee dakika tatu!

Bi Kidude hakujifunza kwa santuri. Alijifunza kwa kusikia kwa masikio yake, watu wakiwapo, na hiyo ndiyo sababu nyimbo za Siti hazikutoka kinywani mwake kama alivyozipokea. Alipoimba Muhogo wa Jang'ombe, au Kijiti, ule wimbo wa siku za Siti unaosimulia mauaji ya mwanamke na mwuaji aliyeponyoka, alifupisha hapa, akarefusha pale, akapachika maneno yake. Wapo waliolalamika kwamba anaharibu. Mimi sioni kosa lolote. Wanafunzi wa shule za upili husoma kwamba fasihi simulizi hubadilika kulingana na fanani na hadhira yake. Wengi huikariri sentensi hiyo, wakaiandika katika mtihani, wakajipatia alama zao na kuisahau. Mfano wake ulio hai ulikuwa ukitembea Unguja kwa miguu yake miwili.

Na tusisahau kwamba katika taarabu hadhira si watu wa kuketi na kupiga makofi tu. Waliohudhuria harusi za Mombasa wanayajua haya. Mama akisikia ubeti unaomgusa huinuka, noti ikiwa juu mkononi, akacheza polepole kuelekea kwa mwimbaji. Akitaka, hupita kwanza mbele ya yule anayemlenga. Hajasema neno. Wimbo umemsemea, pesa zimetia muhuri, na aliyelengwa naye atasubiri ubeti wake. Mwimbaji hodari huyaona yote hayo, akaurudia ubeti ule ule mara ya pili na ya tatu, ukumbi ukahanikiza vigelegele.

Kulikuwa na ngoma pia. Bi Kidude alikuwa mwalimu wa unyago, yaani kungwi aliyewafunza wasichana mambo ya unyumba kabla ya kuolewa, mambo ambayo ukurasa huu unaosomwa na watoto hautayataja. Ngoma yake ilikuwa msondo, ndefu, ambayo aliifunga kiunoni akaipiga huku akicheza. Unyago ni siri ya wanawake. Alipouleta jukwaani mbele ya wanaume na wageni, walikuwako walionung'unika, na sidhani manung'uniko yao yalikuwa ya bure, kwa sababu siri ikishaingia kwenye tamasha haiwezi kurudi chumbani. Hata hivyo, hao waliomwona Ngome Kongwe katika tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka wa 2004, ndicho wanachokisimulia kwanza: kikongwe mwembamba, mvuta sigara mashuhuri, ambaye ukimtazama unadhani anahitaji mkongojo, mara anaikwea ngoma na kuipiga kama mtu aliyechokozwa. Na ile sauti, nzito, yenye mikwaruzo, ilifika nyuma kabisa ya umati.

Nchi za mbali alizizuru nyingi, za Ulaya na za Ghuba, hata Japani. Mwaka wa 2005 alitunukiwa tuzo ya WOMEX mjini Newcastle, Uingereza, tuzo yenye heshima kubwa katika muziki wa mataifa. Wenyeji wa huko walimshangilia kwa dhati. Lakini waliketi vitini, na mafumbo hayakumlenga yeyote kati yao, kwa hivyo nathubutu kusema walisikia nusu ya taarabu.

Pamoja na safari zote hizo, bibi huyo hakufa tajiri. Kiasi fulani kilitokana na mkono wake mwenyewe usioweza kufumba, kwani alikuwa mwepesi wa kugawa alichopata. Kiasi kingine ni desturi yetu. Tunasema mcheza kwao hutuzwa, na kweli alituzwa, noti moja moja, usiku mmoja mmoja. Kodi ya nyumba na dawa za uzeeni hazilipwi kwa vigelegele. Katika mwaka wa mwisho wa uhai wake ulizuka mvutano kuhusu nani amtunze na kama afya yake iliruhusu kuendelea kuimba. Mtengenezaji filamu Andy Jones, aliyekwisha kumtengenezea filamu moja mwaka wa 2006, aliutolea mvutano huo filamu nyingine mwaka wa 2015. Alipozikwa huko Kitumba, umati ulifurika na Rais Jakaya Kikwete alikuwa miongoni mwa waombolezaji. Siku hiyo kila mtu alikuwa shabiki wake. Mashabiki wa zamani, wale wa noti mkononi, hawakuhitaji hotuba kuelezwa wamempoteza nani.

Kwa vijana ambao hawakumwahi, zipo rekodi zake, na mwaka wa 2007 mkusanyo wake ulitolewa katika mfululizo uitwao Zanzibara. Zisikilizeni, ni nzuri. Ila nyingi zimesafishwa, sauti yake imewekwa mbele na ukumbi umekaa kimya.

Hapo ndipo naona kanda za zamani za Mombasa zilivyozipita hizo zilizosafishwa. Kanda hizo zilirekodiwa harusini penyewe, na ukizisikiliza utasikia kina mama wakipiga vigelegele, mtu akiitwa kwa jina, kikombe kikianguka, na kicheko cha ghafla ambacho pengine kilikuwa ndicho jibu la ubeti. Katika nyumba nyingi za Nairobi na Mombasa ziko kabatini hadi leo, ndani ya masanduku ya viatu, pamoja na redio iliyokufa zamani. Watoto siku hizi wanazihamishia kwenye simu, jambo la kushukuriwa, kisha wanatafuta programu ya kuondoa kelele. Wazazi, wakataeni hapo. Waambieni waache kelele zote kama zilivyo, kisha muwatajie ni nani aliyekuwa akicheka.